Marehemu Aliyecheza Harusini

Sehemu ya tatu ya gemu yetu ilitoka Jumanne saa nne asubuhi. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshaitwa muuaji na watu wasiopungua mia, na mmoja akataka kujua kama nilizaliwa na mama au niliokotwa jalalani.

Sikuumia. Kabla ya hapo nilishapokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji, na kabla ya maji niliuza viatu kwa wanawake wanaoapa kwamba mguu wao ni namba thelathini na saba. Ngozi yangu ilishakomaa. Kazi yangu sasa ni kusoma kila wanachoandika mashabiki na kujibu kwa adabu, kana kwamba mtu akikuita fisi amekupa ushauri utakaofanyiwa kazi.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la dobi. Wao wakipiga pasi chini, sisi juu tunaiva. Bosi ni mama mmoja mfupi tunayemwita Bi Tarehe, kwa sababu ukimsalimia anakujibu, "Salama, na kile kitu kinakwisha tarehe ngapi?" Mwandishi wa programu ni Koti, ambaye huvaa koti la sufi ndani ya joto lile lile la pasi na hatoi sababu. Wachoraji na waigizaji wa sauti huja na kuondoka. Sisi watatu ndio tuliobaki kulaumiwa.

Gemu inaitwa Daraja la Chumvi, kama filamu iliyoizaa. Filamu hiyo ni ya enzi za wazazi wetu, nyeusi na nyeupe, na ni nadra kumkuta mtu mzima asiyeijua. Mlinzi wa daraja anampenda binti wa mwenye mashamba ya chumvi. Kwenye harusi ya dada yake, Mlinzi anacheza, ua sikioni, anacheka mpaka unatamani awe ndugu yako. Halafu anapigwa risasi darajani, anazikwa, na filamu inakwisha kwa yule binti kukaa dirishani peke yake, akitabasamu. Wataalamu wa sinema wamekubaliana kwamba akili imemruka kwa majonzi. Sisi tuliigawa hadithi sehemu tano, moja kila mwezi. Mchezaji anakuwa Mlinzi, anatembea, anaongea na watu, anatafuta funguo, anachagua la kujibu. Sehemu ya pili ilikuwa harusi. Ya tatu, risasi na kaburi, na kuanzia hapo mchezaji anakuwa yule binti.

Sehemu ya pili ilipotoka kulikuwa na kundi dogo lililonung'unika. "Mbona harusi mapema hivi?" Nikawajibu kwamba tunathamini mchango wao. Sasa kundi lile lile lilikuwa limekuja na mapanga.

"Kaburi mmelisakafia kwa saruji! Atatokaje?" aliandika anayejiita Ua la Sikioni.

"Nimekaa makaburini nusu saa. Nimebonyeza kila jiwe. Hatoki. Gemu mbovu."

"Mlinzi hafi. Nasema tena kwa herufi kubwa, MLINZI HAFI."

"Nimeitazama filamu mara kumi na tisa. Anazikwa, kisha anakwenda harusini. Nyinyi mlitazama nini, harusi ya mjomba wenu?"

Wa mwisho alijiita Kaburi Tupu. Huyu aliandika aya kumi na moja zenye namba, hakuna koma iliyokosewa, na akaambatanisha kijitabu chake cha kurasa arobaini kiitwacho Ushahidi Kwamba Mlinzi Alitoka.

Koti alikisoma kwa sauti akiwa amesimama juu ya kiti, maana hiyo ndiyo desturi yetu. Maoni makali husomwa juu ya kiti, na atakayeanza kujitetea ndiye anayechemsha chai.

"Sura ya kwanza, handaki chini ya kaburi," alisoma. "Sura ya pili, je, alizikwa mwingine? Sura ya tano, kwa nini televisheni huikata filamu na kuivuruga. Jamani! Mtu anazikwa halafu anakwenda harusini? Kwa nauli ya nani?"

"Mimi gemu nimeifuata filamu dakika kwa dakika," Bi Tarehe akasema. "Hawa wametoa wapi..."

"Umejitetea," tukamwambia wote wawili. Akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi na sinia alikuwa ameshapata wazo. Mashabiki wa kwingine kote walikuwa wanalia na kutusifu, ila hawa tu. Basi niwaulize, mmoja mmoja, filamu hiyo waliitazamia wapi.

Niliuliza kwa upole. "Ndugu shabiki, tungependa kujua ukumbi uliotazamia." Majibu yakaanza kuingia nikiwa natafuna andazi. La kwanza, nikatafuna polepole. La tatu, nikaacha kutafuna. Wote walitaja ukumbi mmoja, wa mji mmoja mdogo, ambao mimi naujua mpaka harufu ya ngazi zake. Ndio mji niliozaliwa. Na mtu aliyeendesha projekta ya ukumbi ule tangu siku filamu ilipofika, kwa miaka kumi na mmoja, ni baba yangu mzazi.

Nilikosea kusema hivyo kwa sauti.

"Baba yako!" Bi Tarehe alinishika mabega. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku umeme uliporudi. "Unaelewa maana yake? Kuna nakala nyingine! Ina mwisho mwingine! Ilikwenda kwenye ule ukumbi mmoja tu, na dunia nzima haijui. Toleo lililopotea! Na shahidi ni baba yako!"

"Bosi, labda kwanza nimuulize..."

"Utamuuliza mbele ya watu. Jumamosi ijayo tunakwenda huko, tunarusha moja kwa moja mtandaoni, mzee anasimama anasema alichokiona kwa macho yake. Sehemu ya nne tutaibadilisha. Mlinzi atatoka kaburini, na hawa wazee wako watatubeba mabegani."

Ninamjua baba yangu. Mjini kwetu hawamwiti kwa jina, wanamwita Fundi. Ukumbi ulifungwa zamani na projekta ikauzwa chuma chakavu, lakini mpaka leo akiingia kwa kinyozi mtu anamwachia kiti, na kama kuna mgeni anaambiwa, "Huyu hakuwahi kukosea mkanda hata siku moja." Hiyo ndiyo mali yake. Nyumba yetu inavuja, na redio zake anazotengeneza hazipungui mezani, lakini hakuwahi kukosea mkanda. Kwa hiyo nilidhani namletea zawadi.

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana, siku moja kabla ya wenzangu. Alikuwa mezani amefungua pasi ya jirani, skrubu zote amezipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa ukubwa wake. Mama alikuwa jikoni na vyombo vyake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo, kuna springi."

Nikamweleza yote. Mashabiki, kaburi, toleo lililopotea, kamera, watu watakaomtazama hadi ng'ambo. Nikaongea nikichekacheka mpaka nilipoona kwamba ameinua kile kifuniko na skrubu zinamwagika moja moja chini, na yeye hazioni.

"Hakuna toleo," akasema.

"Unasemaje?"

"Funga mlango."

"Umefungwa."

"Funga na dirisha."

Nikafunga. Akaanza kuongea akiitazama pasi.

Filamu, akasema, ilikuja kwa basi, mikanda sita kwenye makopo sita ya bati. Basi lilichelewa. Ukumbi ulishajaa na watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni. Chumba cha projekta kilikuwa juu, ngazi nyembamba, na yeye alikuwa kijana wa kujiona. Badala ya kupanda mara mbili, akabeba makopo yote sita kwa mpigo. Ngazi ya tisa ikamshinda. Makopo yakashuka yakipiga kelele hadi chini, vifuniko huku, mikanda kule, na namba ilikuwa imeandikwa kwenye kifuniko peke yake.

"Nikavirudishia," akasema.

"Kwa kuangalia nini?"

"Kwa kukisia."

Alikisia vizuri, isipokuwa wa nne na wa tano. Akaonyesha. Mkanda ulioandikwa nne ukaja na risasi na maziko, akaona kupitia kidirisha chake watu wanalia kwa kwikwi. Akabadili, akaweka ulioandikwa tano, na pale kwenye kitambaa akatokea Mlinzi, mzima, ua sikioni, anacheza harusini.

"Nikajua. Nikashika swichi nizime. Halafu nikasikia wanavyopiga kelele." Akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Watu walisimama juu ya viti. Wanakumbatiana, watu wasiojuana! Mmoja alirusha kofia ikanasa kwenye boriti, haikushuka mpaka ukumbi unafungwa. Meneja akapanda ngazi akanibusu paji la uso. Akaniambia, Fundi, kesho tena, hivi hivi."

"Ungeiweka sawa kesho yake."

"Kesho yake waliokuwa mbele ya foleni ni wale wale wa jana! Wamekuja na majirani, wanawaambia, subiri, utaona, hafi. Ningefanya nini, mwanangu? Nimuue tena?"

Ndipo nilipogundua kwamba jikoni vyombo havigongani tena, maji hayachuruziki.

"Kwa hiyo," Mama akasema kutoka huko, "nililia bure."

"Mama watoto..."

"Nikalia, halafu nikacheka, na vyote bure. Na miaka yote hii unalala kando yangu huku unajua yule mtu ni marehemu!"

Sahani moja ikawekwa kwa nguvu. Baba akainama kuokota skrubu, na nikainama naye, na huko chini ya meza akaninong'oneza kile kilichokuwa kinamla. Wakijua, atapita barabara ipi? Atakaa kwa nani? Kinyozi atamcheka mpaka mkasi umdondoke. Lakini kukiwa na toleo lililopotea, yeye hakukosea. Ni kukubali tu. Neno moja, naam, niliiona.

Nikamwambia ukweli wangu nami, maana chini ya meza si mahali pa kudanganyana. Neno hilo lingenifaa na mimi. Bi Tarehe angenipandisha cheo.

"Na yule Kaburi Tupu ni nani?" akauliza.

"Hajasema. Ila anaandika aya kwa namba, na ameniambia sentensi yangu ya tatu haina kiima."

Baba akafumba macho. "Mwalimu," akasema.

Alikuwa Mwalimu kweli, yule yule aliyenifundisha kuandika. Ni mama aliyestaafu, ana fimbo ya kutembelea ambayo haigusi ardhi. Nilimkuta Jumamosi asubuhi mlangoni pa ukumbi wa zamani. Ukumbi siku hizi ni duka la vigae, masinki na vyoo vya kukaa, na mwenye duka, ambaye naye ni shabiki, alikubali kutuazima nafasi kwa sharti kwamba hakuna kinachovunjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe unayejibu 'tunathamini mchango wako'?"

"Ni mimi."

"Mara ngapi?"

"Kwako, kumi na moja."

"Kumi na tatu. Na mchango wangu hukuusoma hata mara moja. Nipishe."

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Viti vilipokwisha wakakalia vyoo vya maonyesho, vilivyopangwa safu mbili vikiwa na bei zake, na walikaa kwa heshima kabisa, mikono magotini. Kinyozi alichagua cha bei kubwa. Koti aliweka kompyuta juu ya sinki, kamera ikawaka, na kwenye skrini maoni yakaanza kushuka kutoka kila mahali. Bi Tarehe akasimama mbele akiwa amevaa viatu virefu, akasema kuhusu historia, kuhusu urithi, kuhusu bwana mmoja mnyenyekevu aliyeshika siri kubwa.

Hapo hakukosea.

Baba akasimama. Alikuwa amevaa koti, na ndani yake shati lake la Iddi na Krismasi za watu wote, lile analovaa akialikwa popote. Alitazama juu, kule kilipokuwa kidirisha chake, ambako sasa pametundikwa kioo cha bafuni.

"Naam," akasema.

Bi Tarehe akapiga makofi.

"Bado," Baba akasema. "Naam, nilikuwepo. Na hakuna toleo lililopotea. Nilianguka kwenye ngazi nikachanganya mikanda miwili. Harusi ni kabla. Maziko ni baada. Mlinzi alikufa. Nisameheni."

Akabaki amesimama, macho ameyafumba kama mtu anayesubiri sindano.

Hakuna aliyecheka. Kutoka safu ya nyuma ya vyoo mtu akasema kwa uchungu, "Wamemnunua!"

"Nani kaninunua?" Baba akafumbua macho.

"Hao wa gemu! Wamemwaga saruji, sasa wanataka uwasafishe!"

"Fundi, usijidharau," mwingine akamsihi. "Wewe hukuwahi kukosea."

"Nasema nilikosea!"

"Hukukosea!"

"Ngazi ya tisa!"

"Fundi, ungeanguka tungesikia!"

Nikaichungulia skrini ya Koti. "Mzee anatishwa," aliandika mmoja. "Angalieni anavyopepesa macho, ni ishara." "Mwacheni babu wa watu!" Mwingine alikuwa ameanza kuhesabu mara ngapi anapepesa.

Nilimwona baba yangu akibadilika rangi. Miaka arobaini alikuwa anaogopa wasijue. Sasa alikuwa amejitoa mwenyewe hadharani, amejivua nguo, na wanamwambia amevaa. Hasira zikampanda.

"Huyo dada wa Mlinzi," akasema, "makaburini ana mimba kubwa. Mmemwona?"

"Tumemwona," Mwalimu akajibu kwa niaba ya wote.

"Halafu harusini kiuno kama chupa! Mimba imekwenda wapi?"

"Alishajifungua. Ukurasa wa kumi na saba."

"Na mtoto?"

"Kwa bibi yake."

Watu wakaguna kuafiki. Baba akavua koti lake, akalitundika kwenye bomba la bafu. "Koti!" akaita, na kijana wa koti la sufi akageuka. "Wewe mwenye mashine. Filamu unayo humo? Nikatie mikanda sita. Nitakuambia pa kukata."

Alikuwa anajua kwa dakika. Koti alikata kama alivyoelekezwa, mwenye duka akashusha mlango wa chuma ili pawe na giza, tukatundika shuka jeupe mbele ya vigae. Kwanza Baba akaitisha mikanda mitatu ya mwisho kwa mpangilio wa siku zile. Risasi. Kaburi. Kisha harusi, na Mlinzi akatokea anacheza, na naapa watu wazima wenye wajukuu waliruka kutoka kwenye vyoo wakapiga vigelegele. Mwisho wa harusi Mlinzi anamnong'oneza yule binti, "Kesho kutwa nikitoka zamu nitakuja dirishani kwako." Ukaingia mkanda wa sita. Binti dirishani. Anatabasamu. Bila shaka anatabasamu, mtu wake anakuja! Mama yangu, aliyeapa kwamba hatakuja, alikuwa amekaa kando ya kinyozi anapangusa macho.

"Sasa," Baba akasema, "mtazame ilivyo."

Harusi kwanza. Wakacheka tena, kidogo. Mlinzi akanong'ona ahadi yake, kesho kutwa nikitoka zamu. Halafu ndiyo zamu hiyo, daraja, ukungu, risasi. Nikasikia mtu akivuta pumzi. Wakaziona zile picha za maziko walizozijua kwa moyo, lakini hakuna aliyeyatazama mawe ya kaburi kutafuta handaki. Walikuwa wanamtazama binti. Na alipokaa dirishani akatabasamu, hakuna aliyemtazama jirani yake.

Mwenye duka akapandisha mlango. Jua likaingia. Mwalimu akasimama.

"Simama vizuri, Fundi."

Baba akasimama vizuri.

"Kwa hiyo anaahidi kabla."

"Kabla, Mwalimu."

"Na alikufa."

"Alikufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mwalimu."

"Na wewe ulijua. Sisi tunabishana kwa kinyozi miaka yote hiyo, handaki au alizikwa mwingine, mpaka watu wawili hawasalimiani hadi leo, na wewe umekaa hapo na kikombe chako, unajua."

"Nilijua."

"Si hivyo tu. Uliniambia wewe unaunga mkono handaki!"

Baba akatazama viatu vyake. "Ulikuwa umelieleza vizuri," akasema.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Ilimtoka kama chafya, akajaribu kuirudisha kwa kiganja, ikashindikana. Halafu wawili wasiosalimiana, wakitazamana. Halafu safu zote mbili. Walicheka mpaka mtu akashika bomba la maonyesho likatoka ukutani. Walicheka hata maoni ya mtandaoni yakasimama, maana huko walibaki wanajiuliza kumetokea nini. Bi Tarehe peke yake hakucheka. Alikuwa anakokotoa, midomo inacheza, jinsi toleo lake linavyozama.

Nilimtazama baba yangu. Kicheko kile ndicho alichokuwa akikikimbia tangu kabla sijazaliwa, na sasa kilikuwa kimemfikia chote kwa mara moja, kwenye duka la vyoo, mbele ya kamera. Lakini hakukaa, na hakutoka.

Mwalimu hakucheka, ila alitoa kitambaa akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha akamgeukia Bi Tarehe.

"Ile ya pili ni filamu nzuri sana," akasema. "Ni ya watu wote, msiiguse. Hii ya kwanza ni yetu. Na yenyewe mtaiweka kwenye hiyo gemu yenu."

"Mama, hii ya kwanza ni ajali."

"Nimefundisha miaka thelathini na minne, binti yangu. Watoto wangu wengi ni ajali. Mtaiweka."

Bi Tarehe alimtazama, akatazama watu waliomzunguka, akatazama fimbo. "Tarehe ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Ikawekwa. Ukimaliza sehemu ya tano unapewa nafasi ya kuicheza tena kwa mpangilio wa Fundi, na Mlinzi anatoka makaburini moja kwa moja hadi harusini bila maelezo yoyote. Siku ilipotoka nilitukanwa upya, safari hii na wale wengine. "Marehemu anacheza! Gemu ina hitilafu." "Mmeharibu msiba wetu." "Nimezika mtu, dakika mbili baadaye ananiuliza kama nimekula." Kaburi Tupu aliwajibu mwenyewe, kila mmoja, kwa aya zenye namba. Kijitabu kimefika kurasa sitini. Mimi naunga mkono handaki.

Lakini hayo yalikuja miezi baadaye. Jumapili ile, siku moja baada ya duka la vigae, nilimsindikiza Baba kwenda kurudisha pasi ya jirani. Kutoka pale unaweza kurudi nyumbani kwa njia mbili, ya nyuma ya shule, ambako hakuna mtu, na ya mbele, inayopita kwa kinyozi. Kibaraza cha kinyozi kilikuwa kimejaa. Hata wasio na nywele walikuwepo. Baba alisimama njia panda, akatazama upande wa shule.

Wakamwona.

"Mfufuaji!" kinyozi akaita akiwa na mkasi hewani. "Mfufuaji! Mjomba wangu alikufa mwaka juzi, hebu tuchanganyie mikanda!"

Kibaraza kizima kikaanguka kwa kicheko. Baba akabaki amesimama, na nikamshika kiwiko, nikamwambia tunaweza kupita nyuma, hakuna haraka.

Akautoa mkono wangu taratibu. Akavuka barabara, akapanda kibarazani, na alipofika mtu akainuka kumwachia kiti kama siku zote, ila leo akiwa ameshika mbavu. Baba akakaa. Akanyoosha miguu.

"Haya," akasema. "Chekeni. Leo sina kazi."